Matundu ya Ubavuni

Kwenye maduka ya laptopu za mtumba pale Kariakoo, muuzaji anajua pa kuanzia. Anafungua mashine, anaiwasha, anakugeuzia kioo kikumulike usoni, kisha anamwaga sifa kwa mkupuo mmoja: prosesa, remu, diski ya SSD, betri inayokaa na chaji. Wanunuzi wengi huishia hapo hapo kwenye kioo. Prodyuza wa muziki utamtambua kwa kuwa yeye anaifunga. Anaiinua kwa mikono miwili mpaka usawa wa macho, anaigeuza ubavu, anawasha tochi ya simu na kuchungulia ndani ya matundu. Anatafuta ule ukungu wa kijani unaoshika kwenye shaba za mashine zilizovuka bahari na kukaa stoo muda mrefu. Anakikagua kile kiulimi cha plastiki katikati ya tundu la USB, kama bado kimenyooka au kimeshapindishwa na mtu aliyechomeka waya kwa hasira. Halafu anatoa flashi mfukoni, anaichomeka, anaitikisa kwa kidole, juu, chini, juu, huku akiangalia taa yake kama inakatika. "Hiyo ni ai seveni, kaka, haina longolongo," muuzaji anamwambia. "Ai seveni nimeiona, kaka. Hili tundu la kushoto ndilo silielewi."

Wahenga wametuachia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kompyuta ya mhasibu au ya mwandishi, methali hiyo haina mpinzani: milango iwe miwili au mitano, kazi iko ndani. Kompyuta ya muziki inaipindua. Ndani yake hamna muziki. Mna hesabu, mna kumbukumbu, mna joto linalosukumwa nje na feni ndogo. Koo la mwimbaji liko nje. Kidole cha mpiga kinanda kiko nje, spika ziko nje, sikio litakaloamua kama wimbo umeiva liko nje. Kila chenye uhai katika wimbo sharti kipenye kwenye uwazi wa milimita chache ubavuni mwa mashine, kihesabiwe, kisha kitokee upande mwingine. Anayechagua laptopu ya muziki anachagua milango kwanza, vyumba baadaye. Sisemi prosesa si kitu. Wimbo wenye traki sitini utaipigisha magoti mashine dhaifu. Lakini udhaifu wa ndani una dawa: unazigeuza traki kumi kuwa sauti iliyokwisha kurekodiwa, mashine inapumua, kazi inaendelea. Tundu ambalo halikutobolewa kiwandani halina dawa ya namna hiyo.

Na wageni wa nyumba hii ni wengi. Kuna kadi ya sauti, ambayo maiki na gitaa hupitia. Kuna kinanda, kuna kipanya, kuna diski ya nje iliyobeba kazi za miaka, kuna chaja. Studio nyingine ina kijiti cha leseni, iLok au ndugu zake, ambacho kazi yake pekee ni kukaa kwenye tundu na kuapa kwamba programu imelipiwa. Tundu zima limeliwa na kufuli. (Katika mitaa ambako programu nyingi ziliingia kwa mlango wa uani, kijiti hicho ni nadra kukiona, na msomaji anajua kwa nini.) Kisha anakuja mteja na flashi yake, ametokea Tandale na biti aliyotengenezewa na mtu mwingine. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, maana biti hiyo ndiyo itakayolipa kodi ya chumba. Siku nyingine mgeni anaingia na kirusi, na mwenyeji anapoteza albamu nzima. Wapo maprodyuza wanaoweka laptopu ya pili, kuukuu, ya kupokelea flashi za watu tu, na mimi siwaoni kuwa waoga.

Sasa waza laptopu nyembamba ya kisasa yenye matundu mawili, moja limeshashikwa na chaja. Mwaka 2016 Apple walitoa MacBook Pro ambayo ubavuni haikuwa na kitu isipokuwa matundu ya taipu C na kile kitundu cha hedifoni. Mwaka 2021 wakarudisha tundu la HDMI na la memori kadi. Katikati ya miaka hiyo watu walitembea na vifuko vya adapta. Dawa inayouzwa ni hubu, nayo maana yake ni kuwapitisha wageni wote mlango mmoja na kuwagawia chakula kimoja. Chakula hicho kina kipimo: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900. Kadi ndogo ya sauti haina chaja yake, inakula hapo hapo. Inapokea volti 5 kutoka kwenye laptopu, na kwa sakiti iliyo ndani yake inazipandisha mpaka 48, kwa kuwa ndizo maiki nyingi za kondensa zinazozitaka ili zifanye kazi. Jambo hili sijalizoea. Mwimbaji amesimama kwenye chumba chenye magodoro ukutani, feni imezimwa, jasho linamtiririka shingoni, anaimba kuhusu mtu aliyemwacha. Na umeme unaomsikiliza umetoka kwenye betri ya laptopu, ukapita kwenye kiulimi kile cha plastiki. Chomeka diski na kinanda kwenye hubu ile ile isiyo na umeme wake, sauti inaanza kukatika, tak, tak, tak, na watu wanailaumu maiki.

Ajabu ni kwamba mlango wenyewe hauhitaji kuwa mpana. Muuzaji akitaja tundu la Thunderbolt na gigabiti 40 kwa sekunde, anayetaka kurekodi anajiona mnyonge na USB yake ya zamani. Tupige hesabu. Sauti ya mwimbaji mmoja, ikipimwa mara 48,000 kila sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa biti 24, inafanya biti 1,152,000 kwa sekunde. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, imeandikiwa biti milioni 480. Weka maiki nane kwa mpigo, ngoma, besi, kwaya, hata milioni 10 hujafika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakijai. Koo la binadamu, pamoja na vilio vyake na majigambo yake, halina uzito mkubwa kwenye waya. Linapita kwenye mlango wa zamani na nafasi inabaki tele. Upana ule una wenyewe: wanaorekodi okestra nzima, wanaohariri video, wanaoendesha vioo viwili na diski za kasi kwa pamoja. Kijana wa Mbagala mwenye maiki moja na kinanda kimoja akiulipia, analipia asichokitumia, na pengine pesa hiyo ndiyo ingemnunulia maiki ya pili.

Kinachomtesa mwimbaji ni ucheleweshaji. Anaimba, sauti inaingia, inahesabiwa, inamrudia masikioni. Ikikawia, anaanza kujisubiri, na anayejisubiri haimbi. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone. Hukusanya kwanza fungu, maprodyuza wanaliita bafa, ndipo inalifanyia kazi. Fungu la vipimo 128, kwa sauti inayopimwa mara 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 3 hivi. Hewani sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 3 ni mita moja: umbali wa mwimbaji na mpiga gitaa waliosimama jirani jukwaani. Fungu la 1,024 ni milisekunde 23, sawa na mita nane, na hapo ni kuingia tu, kutoka bado. Katika ngoma ya uwanjani watu walicheza wakiwa mita nane kutoka kwa mpigaji bila kulalamika, kwa sababu waliuona mkono wake ukishuka. Ndani ya hedifoni hakuna mkono wa kuuona. Kwa singeli, ule muziki wa mbio wa Dar es Salaam, mambo ni magumu zaidi. Mapigo 240 kwa dakika ni mwendo wa kawaida huko, na robo ya pigo la namna hiyo ni milisekunde 62 na nusu. Ukichelewa 23, zaidi ya theluthi imeshakwenda. Na dawa haiko kwenye umbo la tundu. Iko kwenye dereva, ile programu ndogo inayoipatanisha kadi na kompyuta, ndiyo maana ASIO, iliyotolewa na Steinberg wa Ujerumani mwaka 1997, bado inatajwa katika studio ambazo hakuna anayejua jina la Steinberg.

Halafu kuna muungurumo. Umeme wetu unarudi na kugeuka mara 50 kwa sekunde, na ukiingia kwenye sauti unaimba noti yake mwenyewe, ya chini sana, jirani kabisa na G ambayo ni Hertz 49. Nimewahi kuwaza kwamba nchi nzima inavuma kwa noti hiyo, kuanzia transfoma za barabarani mpaka friji za sambusa, na wimbo wowote ukirekodiwa bila uangalifu unaibeba. Umeme ukipata njia mbili za kwenda ardhini, moja kupitia chaja ya laptopu na nyingine kupitia spika, hufanya mzunguko, na mzunguko huo ndio unaovuma. Mahali ambapo nyumba haina waya wa ardhi, mambo yanakuja kwa namna nyingine: unapitisha kiganja juu ya bati la laptopu iliyo kwenye chaji na unahisi mtekenyo, kitu kinachotetemeka chini ya ngozi. Chomoa chaja, mtekenyo unaondoka, muungurumo unazima, kimya kinaingia kwenye spika kwa ghafla kiasi kwamba watu wote chumbani wanageuka. Kwa hiyo betri nayo imekuwa sehemu ya ala. Sauti kuu inarekodiwa chaja ikiwa imechomolewa, na asilimia zikishuka sana mwimbaji anaambiwa apumzike, akanywe maji, hata kama ndiyo kwanza koo limefunguka.

Waliobuni MIDI, lugha ya vinanda na kompyuta kupelekeana noti, walikuwa wameufikiria muungurumo huo, na kwangu huo ndio mlango mzuri kuliko yote iliyowahi kutobolewa kwa ajili ya muziki. Ni tundu la duara lenye vishimo vitano, na kati ya vitano hivyo vinavyofanya kazi ni vitatu tu. Viwili vilibaki vitupu, na vimebaki hivyo kwa muda mrefu sana. Ujumbe wa noti unapofika kwenye chombo kinachopokea, unageuzwa kuwa mwanga, unaruka mwanya mdogo ndani ya kidude cheusi, kisha unageuzwa tena kuwa umeme. Vyombo viwili vinaelewana bila umeme wa mmoja kumgusa mwenzake, na muungurumo haupati pa kupita. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Sequential Circuits kiliunganishwa na cha Roland, Mmarekani na Mjapani, washindani wa soko moja, na ukibonyeza hapa kunalia kule. Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa Roland, alikuwa yatima tangu utotoni, na riziki yake aliianzia kwenye kutengeneza saa. Yeye na Dave Smith wa Sequential hawakutoza hata senti moja kwa MIDI. Kila kiwanda kiliruhusiwa kuitumia bure. Mwaka 2013 walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 30 baadaye. Kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde, kitu cha kuchekesha leo. Lakini kinanda cha 1984 bado kinaongea na laptopu ya mwaka huu, ilimradi uwe na kawaya kanakogeuza duara kuwa USB. Vinanda vingi vya siku hizi vimeliacha lile duara na kwenda kwa USB peke yake, na mara nyingi ule mwanya wa mwanga umeachwa nao. Ndipo watu wakaanza kuusikia tena muungurumo kwenye kinanda na kushangaa umetoka wapi.

Sauti imesafiri sana kuitafuta milango yake. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili wasimame mbele ya mashine ya kampuni ya santuri ya HMV. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, na taarabu, ambayo kwa desturi hainuki kwenye kiti kabla ya usiku kukolea, ikabidi ipunguzwe ienee. Baadaye, NUTA Jazz, Western Jazz na bendi nyingine za Dar es Salaam zilikwenda kurekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, kila bendi na zamu yake, watu wakipiga wote kwa pamoja. Mpiga tarumbeta akiteleza, wimbo unaanza upya kwa wote. Mpango ulikuwa ni huo: mashine ilikaa mahali pake, na watu ndio waliokwenda. Leo mashine imekuja. Imepita Dubai, imefika Kariakoo, imepanda bajaji mpaka Mburahati, ambako prodyuza Sisso na vijana wake walitengeneza singeli iliyoingia kwenye albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 na kusikika mpaka kumbi za Ulaya. Naona watu wanasherehekea upande huo wa habari, na wana haki. Ila kila mlango bado unapunguza kitu ili kienee. Santuri ilipunguza muda. Laptopu inapunguza watu: mwenye kadi ya sauti ya matundu mawili anamrekodi mtu mmoja leo, mwingine kesho, wa tatu anatuma sauti kwa WhatsApp, na kwaya ya watu kumi wanaotazamana machoni inakuwa ghali kuliko tarumbeta za kompyuta.

Umbo la taipu C, lililotoka mwaka 2014, lilikuja na ahadi ya kuyamaliza haya yote. Tundu moja la kila kitu, halina juu wala chini, lina pini 24 ndani. Umoja wa Ulaya ukalifanya kuwa sheria kwa simu zinazouzwa huko tangu mwisho wa 2024, na laptopu zikapangiwa kufuata Aprili 2026. Nalipenda umbo hilo na silitumaini. Matundu mawili yanayofanana kama pacha, kwenye laptopu hiyo hiyo, moja linapeleka picha kwenye kioo cha nje na jingine halipeleki. Moja linapokea chaji, jingine linakataa. Moja lina gigabiti 40, jingine lina sehemu ndogo tu ya kasi hiyo. Waya nazo ni hivyo hivyo: ipo ya kuchaji tu, na ukiichomekea kadi ya sauti, kadi inawaka taa na haisikii kitu. Zamani umbo lilikuwa linasema kweli. Duara ilikuwa MIDI, mstatili ulikuwa USB, na jeki nene ya gitaa, iliyozaliwa kwenye mbao za kuunganishia simu za karne ya 19, bado ni jeki ya gitaa. Sasa unahitaji kusoma alama ndogo ya radi iliyochorwa kando ya tundu, na kwenye mashine ya mtumba alama hiyo mara nyingi imeshafutwa na vidole vya mwenyewe wa kwanza.

Na kuna mlango uliofungwa kabisa. FireWire, iliyopitishwa mwaka 1995, ilipendwa na wanaorekodi muziki kwa miaka mingi kwa kuwa ilipitisha sauti kwa mwendo usioyumba. Wapiganapo tembo nyasi huumia. USB ilishinda vita, na MacBook Pro ya mwisho kuwa na tundu la FireWire ilikuwa ile ya 2012, ambayo iliendelea kuuzwa mpaka 2016. Kadi za FireWire hazikufa. Vitasa vyake ni vya chuma, maiki zikichomekwa zinatoa sauti nene na safi, matundu manane mbele, kwa bei ya kutupwa, kwa sababu laptopu za kuzipokea zimeacha kutengenezwa. Anayerekodi kwaya na hana mamilioni anajua maana ya matundu manane kwa bei hiyo. Ndiyo maana utakuta studio yenye laptopu ya 2012 isiyounganishwa na intaneti, isiyosasishwa programu hata moja, mwenyewe akihofia sasisho litakaloiondoa ile kadi kwenye orodha na fundi asiweze kuirudisha. Betri imebadilishwa, kibodi imebadilishwa, feni imebadilishwa. Wanaotaka kuinunua wapo, na anawauliza kwanza wanatumia kadi gani. Wakisema USB, anawaelekeza duka la jirani.